Mwaka Mpunga Uliposimama Wima

Nyie mnaoanza kazi ya kupima hali ya hewa mmekuta mtambo unaojisomea wenyewe. Unapima joto, unapima upepo, unatuma namba makao makuu, nanyi mnakunywa chai yenu. Siwaonei wivu. Miguu yangu bado inaukumbuka umande wa uwanja wa kituo chetu hapa Mpanda. Ila nina ombi moja kwenu: mtambo huo ushukuni. Ushukuni kama unavyomshuku mgeni anayekuita jina lako kabla hujamwambia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Gervas, Mfipa mrefu, mkimya, ambaye hata salamu yako aliipokea kama mtu anayeipima. Ukimwambia shikamoo anakutazama kwanza, ndiyo anaitikia. Kanuni yake ilikuwa kwamba kipimajoto kikikuambia jambo usilolitarajia, usibishane nacho na usikiamini. Toka nje, kizunguke, angalia nani amekaa karibu nacho.

Kipupwe kimoja, asubuhi zote tulikuwa tunatetemeka ndani ya masweta, lakini kipimajoto kinasema Mpanda kuna joto zuri tu. Mimi nikataka kuandika hivyohivyo, namba ni namba. Mzee Gervas akaniambia ngoja. Akazunguka uzio akinusa kama mbwa. Nyuma ya ukuta akamkuta jirani amewasha tanuri la matofali, na upepo wote wa alfajiri unalileta joto lake moja kwa moja kwenye kile kibanda chetu cheupe.

"Bwana," akamwambia, "unachoma matofali, au unaichoma Mpanda nzima?"

Kulikuwa na kijana mmoja mwanafunzi, Dotto, yeye alituletea maajabu ya upande wa pili. Kipimajoto cha baridi kina kijiti kidogo cheusi ndani ya kioevu, na kijiti hicho kina ncha mbili. Ncha ya kusoma ni ile iliyo mbali na tungi, kile kiputo cha kioevu kilicho mwishoni. Dotto alikuwa anasoma ile ya karibu. Kwa namba zake, Mpanda ikawa na baridi kuliko milima ya Ufipa. Mzee Gervas akazisoma namba zile, akamtazama Dotto kutoka juu hadi chini, akasema, "Kama hii ni kweli, hukupaswa kuja kazini na shati la mikono mifupi."

Nawaambia haya ili mjue kwamba katika kazi yetu kushuku siyo roho mbaya. Lakini kushuku nako kuna utaratibu wake. Unaanza na chombo, unafuata mahali kilipowekwa, unakuja kwa msomaji, na mwisho kabisa ndiyo unaliuliza anga. Watu wengine wanaanza na jirani. Mwaka mmoja, miaka michache tu kabla sijastaafu, nilikwenda Usevya nikakuta kijiji kizima kinatafuta jirani wa kuanza naye.

Aliyenipeleka ni Ezekieli, bwana shamba wa huko. Alikuwa kijana wa Mishamo, wazazi wake walikuja kutoka Burundi, yeye amezaliwa hapahapa na anasema "sisi Watanzania" kwa msisitizo kidogo, kama mtu aliyewahi kuulizwaulizwa. Alifika kituoni na pikipiki, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mama. Nimekuja nina shida."

"Marahaba. Shida ya hewa au shida ya watu?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Akanieleza. Wakulima wa skimu ya umwagiliaji walikuwa wamepanda mpunga wa kiangazi, ule wa pili, ambao unachanua wakati wa kipupwe. Miaka miwili iliyotangulia waliupata vizuri. Mwaka huu mashamba yalikuwa ya kijani, yamependeza, masuke yametoka yote. Lakini siku zikapita na masuke hayakuinama. Suke la mpunga likijaa huinama lenyewe kwa uzito. Haya yalisimama wima kama manyoya ya nungunungu. Ukilipukuchua, mkononi unabaki na makapi.

"Wanasema mbegu ni feki," Ezekieli akasema. "Mbegu ilitoka dukani kwa Bwana Swalehe, hapa mjini. Na aliyewaambia wanunue pale ni mimi. Wameshasema wanakuja na magari kufunga hilo duka wenyewe. Mtendaji wa kijiji amewaomba wasubiri mtaalamu."

"Na wewe unataka nikaseme ni baridi."

"Nataka ukaseme ukweli, mama."

Nilimtazama kwa namna ya Mzee Gervas. Kijana yule alikuwa na sababu zake za kupenda iwe baridi. Ikiwa mbegu ni mbovu, yeye na Swalehe wanaanguka pamoja. Ikiwa ni baridi, wanalala salama. Vipimo vyangu vya Mpanda vilionyesha kweli kwamba kipupwe kile kilikuwa kikali, lakini Mpanda ni Mpanda. Usevya iko kule ng'ambo ya hifadhi, chini bondeni, ardhi yake ni ya chini kuliko yetu. Mtu angeniambia palipo chini pana joto zaidi, kwa hiyo baridi ya Mpanda haihusiani. Ningemjibu nini nikiwa nimekaa ofisini?

Kabla sijaondoka, Swalehe mwenyewe alinifuata. Alikuwa mtu wa makamo, kofia safi, sauti ya chini. Akaniamkia vizuri, akasema amesikia naenda Usevya, gari yake ipo, dereva yupo, nisihangaike.

"Ahsante, nitakwenda na basi," nikamwambia.

"Dada yangu, basi lile lina mbung'o."

"Na gari yako nayo ina mbung'o. Tofauti ni kwamba wa kwako watanisindikiza mpaka kwenye mkutano."

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Nikajiuliza kwa nini mwenye mbegu nzuri anahangaika na usafiri wangu. Kisha nikajiuliza kwa nini mtu anayetishiwa duka lake asihangaike. Vipimajoto viwili vya baridi nilivifunga ndani ya kitenge, baada ya kuviweka pamoja kwenye ndoo moja ya maji kuona kama vinasema neno moja. Vilisema. Hilo msilisahau hata siku moja: ukitaka kulinganisha mahali pawili, hakikisha kwanza vyombo vyenyewe havigombani.

Tulipita hifadhini madirisha yamefungwa, tukafika Usevya mchana. Watu walikuwa wananisubiri karibu na ofisi ya skimu, na hakuna aliyenipa kiti haraka. Mbele yao alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini na tano, mikono imekakamaa kwa kazi, jina lake Mama Modesta. Ndiye aliyekuwa msemaji wa wakulima.

"Wewe ndiye Mama Hali ya Hewa?"

"Ndiye mimi."

"Nani amekulipia nauli?"

"Ofisi yangu."

"Na vitu hivyo kwenye kitenge?"

Nikavifungua nikavionyesha. Akavitazama bila kuvigusa. "Kwa hiyo utaviweka shambani usiku, asubuhi utatuambia ni baridi, sisi tukalale. Nani atajua vimesema nini?"

Sikukasirika. Ukweli ni kwamba nilimpenda palepale. Alikuwa anauliza swali ambalo Mzee Gervas angeliuliza.

"Utaviweka wewe," nikamwambia. "Na utavisoma wewe. Mimi nitakufundisha ncha ipi."

Kisha nikaomba kuona mashamba. Tulitembea kutoka chini, kule karibu na mbuga, kupanda kuelekea kwenye banio, pale maji yanapoingizwa mferejini, chini ya mwinuko. Mteremko wenyewe ni mdogo, mgeni hauoni, unaujua tu kwa sababu maji yanajua njia. Shamba baada ya shamba masuke yamesimama wima. Nilipukuchua hapa na pale, makapi matupu. Ezekieli alitembea nyuma yetu.

Tulipofika juu kabisa, karibu na banio, nikaona shamba dogo lililokwishakatwa. Wakulima walilipita bila kulitazama.

"Hili je?"

"La Bibi Nyamizi," mtu mmoja akajibu. "Nalo lilikuwa tupu kama ya kwetu. Akakata majani awape mbuzi."

Nikasimama. Kwelea walikuwa wameshuka kwenye mabua yale, kundi zima, wanadonoa chini, wanaruka, wanarudi. Nikageuka nikatazama mashamba yote ya chini yenye masuke marefu yaliyosimama. Hakuna ndege hata mmoja. Ndege hana sababu ya kufuata makapi. Nikafunga mdomo wangu, nikaendelea kutembea.

Kabla jua halijazama nilimwomba Ezekieli anionyeshe kwa Bibi Nyamizi. Nikamuuliza njiani kama mama huyo alitumia mbegu nyingine. Akasema hapana, yeye mwenyewe ndiye aliyegawa, wote walichotewa kutoka magunia yaleyale. Nikamwambia abaki barabarani. Akataka kujua kwa nini. Nikamwambia kwa sababu nimemwambia.

Bibi Nyamizi alikuwa Mkonongo aliyeolewa huko miaka mingi, mume amefariki, watoto wako mbali. Aliniitikia salamu akiwa amesimama mlangoni, mlango ameushika nusu.

"Mama," nikasema, "shamba lako lina ndege."

Alinitazama. Halafu akafungua mlango, akaniingiza, akaufunga. Ndani mlikuwa na harufu ya mpunga mpya, mnaijua harufu hiyo, huwezi kuifunika na kitu. Hakujaribu kukana.

"Ulijaa," akasema. "Ulijaa vizuri kuliko mwaka jana. Nilivyoona wa wenzangu umesimama, na wangu unainama, nilishikwa na homa. Nikaukata upesi, watu wakiwa msibani. Nikausomba kidogo kidogo."

"Kwa nini, mama? Ungewaambia tu kwamba wako umejaa, wangejua mbegu haina tatizo."

"Mwanangu, wewe unaishi mjini." Alikaa kwenye kigoda, akashusha sauti. "Kikongwe, anaishi peke yake, siyo wa hapa. Mashamba ya watu wote matupu, la kwake limejaa. Watasema mpunga wao umekwenda wapi?"

Sikuhitaji animalizie. Chuma ulete. Huku kwetu mtu akipata pale wenzake walipokosa, kuna watu watakaosema ameyavuta mazao yao kwa dawa. Na mwanamke mzee akishasemwa hivyo, maneno hayaishi kwenye maneno. Nyie mmekulia hapa, mnajua.

"Usinitaje," akasema. "Nakuomba kwa watoto wako. Mfanyabiashara yule ana duka. Mimi nina shingo tu."

Nikamwahidi kwamba jina lake halitatoka mdomoni mwangu. Nikatoka nikiwa na ushahidi wote wa kumsafisha Swalehe na Ezekieli, nikiwa siwezi kuutumia. Ezekieli aliniuliza mama amesema nini. Nikamjibu amesema karibu.

Jioni ile Mama Modesta aliviweka vipimajoto mwenyewe, kimoja chini karibu na mbuga, kingine juu karibu na banio, kila kimoja kwenye kijukwaa cha miti kwa kimo kilekile. Akachagua walinzi: ndugu yake mmoja na mtu mmoja asiyeelewana na ndugu yake. Nilimsifu moyoni. Hakuna mlinzi mzuri kama yule anayetamani mwenzake akosee.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, watu walikuwa wamejaa. Nikawaomba kitu kimoja zaidi, wavue viatu. Walinung'unika lakini wakavua. Tukaanzia chini. Majani yalikuwa na umande mzito, tope linauma kwenye nyayo, watu wanarukaruka na kusonya. Hakuna hata upepo wa kutikisa jani. Mama Modesta akainamia kipimajoto, nikamwonyesha kijiti na ncha yake, akasoma kwa sauti. Yule hasimu wa ndugu yake akasoma tena, namba ikawa ileile.

Halafu tukapanda. Hatukutembea sana. Watu walianza wenyewe kutazamana kabla hatujafika. Kunung'unika kukakoma. Mzee mmoja akasimama, akarudi chini kidogo, akapanda tena, kama mtu anayejaribu kizingiti cha nyumba. Mama Modesta akasoma kipimajoto cha juu, akakisoma mara ya pili, akanitazama.

"Kimeharibika hiki?"

"Kishuku," nikamwambia. "Ni haki yako. Lakini na miguu yako nayo imeharibika?"

Nikawaeleza basi, pale kwenye tuta la banio. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku ukiwa umetulia, inateremka kutoka kwenye mwinuko kama maji, inakwenda kutuama chini. Mashamba ya chini yanalala ndani ya bwawa la baridi ambalo halionekani. Na mpunga unaweza kuvumilia baridi ukiwa mdogo, lakini siku zile za kutunga na kuchanua, usiku wa baridi ukifululiza, ua linashindwa kushika mbegu. Suke linatoka zuri, ndani hamna kitu.

"Uongo," mtu akasema kutoka nyuma. "Mwaka jana na mwaka juzi tulipanda hapohapo chini, siku zilezile, tukavuna. Bondeni pamekuwepo siku zote."

Hilo, vijana wangu, ndilo swali lenyewe. Mimi nimelitumikia maisha yangu yote ya kazi. Bonde ni lilelile, mwezi ni uleule, kwa nini mwaka huu kipupwe kinang'ata na mwaka jana kililamba tu?

Nikamuuliza Mama Modesta, "Mwaka jana kipupwe kilipoanza, ulikuwa unaanika mpunga wako wa masika?"

"Nilikuwa naanika."

"Ulikauka vizuri?"

Akafikiri. "Ulinisumbua. Mawingu kila siku. Kuna siku nilikimbia kufunika na turubai, kimvua cha ajabu, siyo msimu wake."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu umekauka upesi. Mvua zenyewe ziliisha mapema. Mbingu nyeupe tu."

Wengine wakaanza kuchangia. Mmoja akasema nyasi za mbugani mwaka huu ziliungua mapema kabisa. Mwingine akasema mchana kumekuwa na upepo mkavu wa kusini unaopasua midomo, halafu jua likizama unakufa. Nikawaachia waseme mpaka wamalize, kwa sababu kila walilosema lilikuwa jibu.

Mawingu usiku ni blanketi. Ardhi ilikula joto mchana, mawingu yanalizuia lisiondoke. Mbingu ikiwa tupu, joto lote linapanda juu na kupotea, na udongo ukiwa mkavu ndiyo unapoa haraka zaidi. Upepo wa usiku nao ungesaidia, ungeikoroga hewa, baridi isituame. Mwaka huo upepo ulikuwa unafanya kazi mchana na kulala usiku. Na upepo wenyewe wa kusi unatoka mbali sana. Kule kusini mwa bahari, ng'ambo ya Madagaska, wakati huu wa mwaka hewa baridi inajilundika kama mlima, inasukuma upepo kuja kwetu. Mwaka ambao mlima huo ni mkubwa, tunausikia mpaka huku bara. Mwaka ambao ni mdogo, au bahari ina joto, unatufikia upepo laini wenye unyevu na mawingu. Tena usiku wa siku hizi kwa jumla una joto kuliko ule wa ujana wangu, na hilo linawadanganya watu, wanadhani baridi imekwisha. Haijakwisha. Inakosa miaka, halafu inarudi.

Walisikiliza. Mama Modesta alikuwa amekunja uso, lakini sasa siyo kwa ajili yangu. Alikuwa anahesabu kitu kichwani. Nikaona kabla hajasema.

"Kama ni hivyo," akasema polepole, "basi mpunga wa huku juu ulitakiwa kujaa."

Akageukia mabua yaliyo karibu na banio.

"Shamba la huku juu ni moja," akaendelea. "Limekatwa."

Vichwa vikageuka kimoja kimoja. Bibi Nyamizi alikuwa amesimama pembeni, miguu peku kama wote, kitenge amejifunga begani. Mimi sikumtaja. Nilikuwa nimewafundisha watu kufikiri, nao wakafikiri mpaka mlangoni kwake. Nikasogea nikasimama upande wake, sijui ningefanya nini, nilikuwa na kitenge kitupu mkononi. Ezekieli naye akasogea upande wa pili. Nilikuwa nimemshuku kijana yule tangu siku ya kwanza, na alikuwa na sababu ya kushangilia. Hakushangilia. Alisimama pale ametoa jasho katika ile baridi.

"Bibi," Mama Modesta akasema, "ulivuna?"

"Nilivuna."

"Ulijaa?"

"Ulijaa. Uko ndani. Anayetaka aje auone."

Mnong'ono ukapita. Nikasikia neno lile nililoliogopa likitamkwa nyuma kwa sauti ndogo.

"Mbona ulificha?"

Bibi Nyamizi akawatazama, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Wengine aliwapokea wakizaliwa.

"Kwa sababu nawajua," akasema.

Waliokuwa wananong'ona walitazama chini.

Mama Modesta aliteremka peke yake mpaka shamba lake la chini, sote tunamtazama, akachuchumaa, akasukuma kiganja kwenye udongo, akakiacha humo. Kisha akainuka, akapanda mpaka kwenye mabua ya Bibi Nyamizi, akachuchumaa tena, akafanya vilevile na mkono uleule wenye tope. Alipoinuka alikuwa analia, nadhani ni kwa ajili ya mpunga wake.

"Huku kuna joto," akasema. Halafu akageukia nyuma, kule mnong'ono ulikotoka. "Aliyesema lile neno aje huku mbele, ashike udongo kama nilivyoshika."

Hakuna aliyekuja.

Duka la Swalehe halikufungwa. Nilikutana naye mjini baadaye akanishukuru mno, akasema siku zote alijua mbegu yake ni safi. Nikamwambia mimi nimethibitisha baridi, mbegu yake nyingine sijaipima. Mpaka leo nikinunua mbegu za mboga kwake naziotesha kwanza chache kwenye kopo. Anajua, na huwa anauliza zimeota ngapi.

Ezekieli aliwashauri msimu uliofuata wapande mapema mashamba ya chini, ili mpunga uchanue kabla ya kipupwe, na watakaochelewa wapande mboga huko chini badala ya mpunga. Wengi walifuata. Na mnajua kilichotokea? Kipupwe hicho kikaja na mawingu, laini kabisa, watu wanalala bila blanketi. Wabishi wawili watatu waliochelewa kupanda mpunga chini wakavuna magunia yao kama kawaida, na waliopanda mboga wakabaki na nyanya zilizoshuka bei.

Nikaitwa tena mkutanoni. Safari hii kiti kilikuwepo, lakini nyuso hazikuwa nzuri.

"Mama," Mama Modesta akaniuliza mbele ya wote, "ulijua mwaka huu baridi haitakuja?"

"Sikujua. Wenzangu wa makao makuu walisema dalili ni za joto kidogo, na mimi niliwaambia hivyo, lakini kwa hakika ya shamba lako, hapana. Upepo ule unaanza mbali. Mara nyingi naujua ukishafika."

"Kwa hiyo mwakani?"

"Mwakani nitawaambia dalili. Kushuku ni kazi yenu."

Mwanamume mmoja mnene, ambaye nyanya zake zilimwozea, akasimama kwa hasira. Akasema haiwezekani, mwaka mmoja baridi inaua, mwaka unaofuata haipo kabisa, lazima kuna mtu anayeichezea, watu wajiulize vizuri ni nani. Nikaona mabega ya baadhi ya watu yakikaza.

"Kaa chini," Mama Modesta akamwambia, hakupaza hata sauti. "Mwaka ule ilikuja, mwaka huu haikuja. Hakuna aliyeituma na hakuna aliyeizuia."

Yule mtu akabaki amesimama, anatafuta mtu wa kumuunga mkono. Hakumpata. Mahali alipokuwa amekaa palikuwa pamekwishachukuliwa. Palipobaki ni kwenye benchi la mbele, karibu na Bibi Nyamizi. Alisitasita, kisha akaenda. Bibi akavuta kitenge chake upande, akampisha akae.